Ndai ya Stima: Chukua Hiyo Ndogo, Wachana na Dude

Kuna mabishano imeshika kila base yenye wasee wanapenda ndai hii Nai, kuanzia Buru hadi Kile: ukiomoka kesho, utaleta Tesla gani? Model 3 Performance ama Model S? Ndogo ama kubwa? Zote ni za stima, zote ni za milango minne, na zote zitakubandika kwa kiti ukikanyaga. Msimamo wangu nautoa mapema ndio tusizungushane. Kwa hii tao yetu na hizi barabara zetu, chukua ndogo. Na si ati juu bei iko chini. Hata kama ganji imetulia kwa akaunti na hakuna loni inakufuata, bado ningekushow uchukue ndogo.

Lakini dude ipewe heshima yake kwanza. Model S ilianza kufikia wateja Juni 2012, ikitoka kiwanda ya Fremont, California, na kabla hapo gari ya stima kwa macho ya wengi ilikuwa tu kitu ya wazee wa kuokoa mazingira. 2014 ikakuja P85D, mota mbili, na modi inaitwa Insane. Mwaka uliofuata wakaongeza Ludicrous. Hapo ndio video zikaanza kumwagika: gari ya familia, ya watu watano na mzigo kwa buti, imepangwa laini moja na Lambo, taa inaingia kijani, na Lambo inabaki ikipiga kelele nyuma. 2021 wakashusha Plaid: mota tatu, nguvu za farasi 1,020, na Tesla inasema sifuri hadi maili 60 kwa saa ni chini ya sekunde mbili, ukiwacha ile futi ya kwanza venye Wamarekani hupimanga. Hizo video ndio zilitulea kwa saiba na kwa simu za mabeshte. Naelewa mbona msee akifunga macho anaona Model S.

Sasa hiyo Plaid itoe kwa akili saa hii. Tangu ile redizaini ya 2021, Model S imeundwa na usukani wa kushoto pekee, na Mei 2023 Tesla iliwaambia wateja wa nchi za usukani wa kulia, Uingereza na Australia wakiwemo, ya kwamba yao haikuji tena, hata wale walikuwa wamelipa deposit. Sisi Kenya tunaendesha upande wa kushoto wa barabara, na ndai ya usukani wa kushoto haisajiliwi huku, isipokuwa zile za kazi spesho kama ambulensi na za kuzima moto. Broker yeyote mwenye anakuambia ati "hiyo tutaongea na watu" anataka tu doh yako ilale bandarini na ndai yake.

Kwa hivyo Model S ya kuingia Mombasa bila ngori ni ile ya kabla ya redizaini, na mahali pa kuitafuta ni Uingereza. Na hapo unapatana na sheria ya KEBS ya miaka nane, ndai ikizidi hapo haingii. Ndai ya 2019 mwisho wake kuingia ni 2026. Ya 2020 mwisho wake ni 2027. Hesabu yako iko wazi: Model S yenye unaweza leta ni zile za mwisho-mwisho za usukani wa kulia, zile mafans wanaita Raven, za kuanzia Aprili 2019, na huo mlango unafungwa kila mwaka ikiisha. Mwanzo wa 2026 Tesla yenyewe ikatangaza inaacha kabisa kuunda Model S. Model 3 nayo ilianza kufika Uingereza na usukani wa kulia katikati ya 2019, na mpaka leo inaundwa. Ukikosa mwaka huu, ya mwaka ujao iko. Ukikosa ya uso wa zamani, ile ya uso mpya ilitoka mwisho wa 2023 na Performance yake ikafuata 2024. Hakuna presha.

Wacha tuingie kwa ushuru, juu hapa ndio wasee wengi wanachomwa. Ukicheki soko ya Uingereza, Model S ya 2019 imeshuka bei mbaya sana, na msee anaona ati pengo kati yake na Model 3 ni dogo, so anaamua kujazilia achukue dude. Shida ni kwamba KRA haihesabu ushuru na ile risiti yako ya kununulia. Iko na listi yake inaitwa CRSP, yenye inaanza na bei ya hiyo ndai ikiwa mpya, alafu wanakata kulingana na umri. Model S ikiwa mpya ilikuwa ya wadosi. Kwa hivyo hata kama wewe umeokota yako kwa bei ya kutupa huko Birmingham, KRA bado inaiona kama ndai ya mdosi iliyozeeka. Juu ya hiyo hesabu kuna ushuru wa kuingiza wa asilimia 35, eksaizi, VAT ya asilimia 16, na zile tozo zingine ndogo. Pengo lenye ulikuwa unaona dogo kule majuu linanenepa likifika Mombasa. Kitu poa ni kwamba eksaizi ya ndai za stima ilishushwa hadi asilimia 10 mwaka 2019, wakati petroli hata ya injini ndogo inaanzia 20. Hiyo raha inafikia zote mbili, lakini kwa ndogo unaisikia vizuri.

Sasa tubonge speedi, juu najua ndio ilikuleta hapa.

Kuna kitu wasee wa Nai wanafaa kujua na hakuna brosha ya majuu itawaambia. Hii tao iko kama mita 1,700 juu ya bahari. Ukipanda Limuru umepita 2,200. Hewa ni nyepesi, na injini ya petroli inaishi na hewa. Isiyo na turbo inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu yake kila mita elfu unapanda. Yaani ile ndai ulinunua juu ya namba za farasi, hizo farasi zingine zilibaki pale Mariakani. Turbo inasaidia, lakini nayo inatoa jasho. Mota ya stima haipumui. Nguvu yenye ilitoka nayo kiwandani ndio nguvu yenye unapata Kinungi, ukianza kupanda, gari imejaa watu. Msee amezoea kuendesha petroli huku juu, akikanyaga Tesla mara ya kwanza, anadhani imeongezwa kitu. Haijaongezwa. Ni vile kwa mara ya kwanza hajapunguziwa.

Na hapo ndio namba zinaanza kunipa sababu. Raven ya Performance inapiga sifuri hadi 100 kwa kama sekunde mbili na nusu. Model 3 Performance ya 2019 ama 2020 ni kama 3.4. Ile mpya ya 2024 ni 3.1. Kwa hivyo ukichukua ndogo unakosa kama sekunde moja, na kwa mpya hata haifiki. Hiyo sekunde utaitumia wapi? Expressway ni kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westie, na limiti ni 80. Ndani ya tao ni 50. Barabara kuu ni 110 ikizidi. Mahali pekee unaweza kuimaliza hiyo nguvu yote bila kuhatarisha mtoto wa mtu ni kwa sakiti, kama pale Whistling Morans Athi River siku ya mashindano, na hapo kuna kona. Kwa kona, dude inaanza kusota.

Juu Model S inabeba kilo 2,200 na kitu. Model 3 Performance ni kama 1,850. Hiyo tofauti ni magunia manne ya mahindi, yale ya kilo tisini, yamepangwa ndani ya gari na hayashukangi. Kila ukifunga breki unayasimamisha. Kila ukikata kona yanataka kuendelea moja kwa moja. Ukiwa kwa laini iliyonyooka, nguvu ya Model S inaficha huo uzito na unasahau. Roundabauti ya kwanza, unakumbuka.

Speedi yenye inasaidia Mkenya si ya kuanza kwa taa. Ni ya kati ya 60 na 100. Umetoka Gilgil unaelekea Nakuru, umefuata lori imejaa mbao, inatembea kama 50, nyuma yako kuna foleni ya ndai zimekosa subira. Kila msee hapo anahesabu kichwani: nikitoka saa hii, nitamaliza kupita kabla ile basi inakuja? Hiyo hesabu imezika watu mob hii nchi. Ndai ya kawaida inakaa upande wa pili wa barabara muda mrefu ikinguruma. Model 3 Performance inaingia na inatoka, na hakuna gia inatafuta wala turbo inangoja. Na kwa hiyo kazi Model S haikuongezei kitu cha maana, juu hata ndogo tayari iko na zaidi ya yenye unahitaji. Pale huoni mbele vizuri, usipite na yoyote. Ndai ya nguvu haioni nyuma ya kona.

Nimebebwa na zote mbili. Model S ilikuwa ya jamaa mmoja wa Kilimani, nyeusi, rimu za inchi 21, ndai safi kabisa. Nje inameremeta, ndani imetulia, unasikia tu tairi. Alafu tukafika kwake, tukashuka basement. Hizo ploti za Kilimani mnazijua, ploti ilikuwa ya nyumba moja na uwanja, sa hii ni ghorofa kumi na kitu, na parking imebanwa ndio keja zitoshee. Rampu ina kona katikati. Jamaa akakunja vioo vya pembeni. Soja akakuja na tochi, akasimama nyuma ya gari, mkono mmoja kwa pilari, mwingine unapunga. "Rudi boss, rudi, kata yote, rudi, wapi!" Akagonga buti na kiganja. Tukaenda mbele, tukarudi tena. Mimi nilitoka nimejikunja, mlango umefunguka nusu, tumbo nimeivuta ndani, na hata ndai ya jirani ilikuwa imejipanga vizuri ndani ya laini yake.

Nilirudi nikacheki vipimo. Model S bila vioo ni upana wa mita 1.96 na urefu wa kama 4.98. Nafasi ya parking ya kawaida ni kama mbili na nusu kwa tano. Kwa hivyo ukiiweka katikati kabisa, unabaki na sentimita 27 kila upande, na mbele na nyuma hakuna kitu. Model 3 ni upana wa 1.85 na urefu wa 4.69. Kwa karatasi ni sentimita kadhaa. Kwa basement ya Kilimani, kwa parking ya Eastleigh, ama ukiwa Ronga umekutana na mat kwa ile njia ya ndani na kila upande kuna mtaro, hizo sentimita ndio maisha. Ndai yenye unaogopa kuenda nayo mahali si ndai yako. Ni yako tu ikiwa imepark.

Sasa tairi, na hapa naomba unisikize vizuri hata kama hutachukua kitu ingine kwa hii stori yote. Model 3 Performance ya kwanza inakuja na rimu za inchi 20 na tairi za 235/35. Hiyo 35 ni asilimia: ukuta wa tairi ni asilimia 35 ya upana, yaani sentimita nane na kidogo za mpira kati ya rimu yako na shimo ya Jogoo Road. Ukishuka hadi rimu za 18 na tairi za 235/45, unapata sentimita kumi na nusu. Gari haionekani kali vile, sawa. Lakini haikuachi Donnie saa tano usiku rimu imekunjika, na jua hizi ndai hazibebi speya. Ukishuka, uliza kwanza kama hiyo rimu inatosha, juu breki za Performance ni kubwa na si kila rimu ya 18 inaingia. Chukua yenye imepimwa kwa Performance, si yenye fundi amekuapia. Kwa Model S yenye rimu za 21, nenda Kirinyaga Road uulizie hiyo saizi alafu uone venye wasee wanaangaliana.

Chini pia. Model 3 iko na kama sentimita 14 kutoka lami hadi tumbo, na hilo tumbo ni betri. Kuna kinga ya chini, lakini bumpu za kujengwa usiku na watu wa mtaa hazifuati kipimo ya mtu. Zipite pole pole, kwa upande kama kuna nafasi, na usijaze watu watano ukiwa unajua njia ni ya hivyo.

Na kwa hiyo maneno ya bumpu, ukweli usemwe: dude inashinda. Model S iko na saspensheni ya hewa. Unabonyeza kwa skirini, inajiinua. Na inakumbuka. Ukiinua hapo kwa geti ya kwenu, inashika hiyo lokesheni kwa GPS, na siku ingine ukifika inajiinua yenyewe kabla uguse kitu. Nilipoona hiyo kitu ikifanya, kwa bumpu moja ya Lavington, nilinyamaza kabisa. Ni ufundi wa kupenda. Ungedhani mtu aliunda hiyo sistimu akiwa ameishi Zimmerman. Model 3 iko na springi za chuma na hakuna kujiinua. Lakini sasa kumbuka kitu moja: springi ya chuma ikichoka, fundi yeyote mzuri wa Industrial Area anakufungulia. Mfuko wa hewa ukianza kuvuja kwa gari ya miaka sita, saba, hiyo ni pati ya kuagiza majuu na kungoja.

Hapo tumegusa spea. Tesla haina ofisi rasmi Kenya, hakuna dila, hakuna gereji yao, na ile garanti ya betri ya miaka nane yenye uliona kwa tangazo la Uingereza huna mahali pa kuipeleka huku. Unabaki na mafundi wa kujitegemea wenye wamejisomea, na wako, na wengine wao ni wakali sana. Lakini fundi mkali bila pati ni msee amesimama tu. Model 3 ilipita milioni moja zilizouzwa huko 2021, na inagawana pati mob na Model Y, yenye 2023 ndio ilikuwa gari iliyouzwa zaidi dunia nzima. Hiyo inamaanisha kwa zile yadi za Uingereza za kuvunja ndai zilizopata ajali, pati za Model 3 ziko kwa wingi na bei inashuka. Za Model S zilikuwa chache tangu mwanzo na hazitaongezeka tena. Zile handeli za milango zenye zinatoka nje zikikuona, raha tupu siku ya kwanza, ndio moja ya vitu zinasumbua sana kwa Model S ikizeeka. Unasimama kando ya ndai ya mamilioni na mlango umekataa kukupa mkono.

Kuchaji ni rahisi kuliko watu wanadhani, bora usiku uko na mahali pa kupark. Chaja ya ukuta ya kilowati 7.4, ile ya stima ya kawaida ya nyumba na waya mzito wake, inajaza Model 3 kutoka chini kabisa kwa kama masaa kumi. Model S ya betri ya 100 inaingia masaa kumi na tatu na kitu, kumaanisha ukirudi usiku ikiwa imeisha, mangware haijajaa. Kwa kawaida hutaimaliza hivyo, msee wa tao anatumia betri kidogo tu kwa siku, lakini ndogo inakula kama kilowati-saa 16 hadi 18 kwa kilomita mia na dude inapita hapo, na bili inajua. Tangu 2023 kuna tarifu ya ndai za stima yenye usiku bei inashuka nusu. Hiyo ya usiku naipenda kwa sababu ingine pia. Mvuke wa Olkaria haulali. Watu wakizima taa saa tano, bado unapanda kutoka ardhini, na ukichomeka ndai hiyo saa unatumia stima ya Naivasha yenye ingekosa mwenyewe. Ndai yako inatembea na joto la Bonde la Ufa. Hakuna tanka ya mafuta ilikuja na meli juu yako.

Kwa zile chaja za fasti za mall, Model 3 ya Uingereza iko na tundu ya CCS2, inaingia moja kwa moja. Model S ya hiyo miaka inataka adapta, na kama haikuja na gari utaitafuta sana. Supercharja za Tesla zenyewe hazijafika huku.

Safari ndefu ndio mahali ningekusikiza ukinibishia. Mombasa ni kama kilomita 480. Ukishuka, barabara inakurudishia stima juu mota inageuka jenereta ukiachilia, na Model S na betri yake inaweza kukaribia kufika bila kusimama. Ndogo lazima upange mahali pa kuchaji njiani. Ukirudi ndio kazi: kupandisha tani mbili na kitu hadi Nai ni kama kilowati-saa kumi za kuinua tu, bila kuhesabu upepo, na ndogo inalipa nane na nusu kwa hiyo mita 1,700. Bado betri kubwa ni betri kubwa. Na ile Ijumaa ya Agosti 2023 nchi nzima ilipoingia giza, msee mwenye alikuwa na 100 amejaza alilala usingizi tofauti. So kama uko na watoto watatu, kila wiki mbili uko njia ya Eldy, nyumbani uko na fezi tatu na kompaundi yako mwenyewe, buti yako inabeba viazi na gunia ya mkaa ukitoka ushago, sawa, chukua Model S, ile buti yake inafunguka na kioo chote na inameza vitu. Na leta sa hii, kabla mlango ufungwe. Lakini hiyo ni familia, na iko na sababu. Msee wa miaka ishirini na nane, anaishi peke yake Ngara, anataka kufeel kitu akikanyaga, hiyo si stori yake.

Kitu moja sitaki ipite. Hizi ndai ni kimya na zinatoka kwa haraka mbaya, na kwa mtaa watu wanavuka kwa kuskiza. Mathe wa mboga amezoea kuskia gari kabla aione. Ukiileta, wiki za kwanza iweke kwa modi ya Chill mpaka mguu wako uzoee, na hata ukizoea, ndani ya mtaa irudishe hapo. Weka ile PIN ya kuendesha. Ukipeleka kuosha, weka modi ya Valet, yenye inafunga speedi na nguvu, juu yule kijana wa carwash ni mtu poa lakini naye amekulia hizo video za Lambo.

Sasa kama umekubali ndogo, hivi ndio ningeinunua. Performance ya 2020 ama 2021, nyeupe ama yoyote yenye umependa, kutoka Uingereza. Namba ya gari ya kule unaiweka kwa tovuti ya serikali yao na unaona historia ya MOT, ule ukaguzi wao wa kila mwaka, bure: maili ngapi kila mwaka, tairi zilikuwa aje, nini ilifeli. MOT ya kwanza inafanywa gari ikiwa na miaka tatu, so kama ni ya 2020 na hakuna rekodi, uliza. Uliza kama iliwahi kuandikwa ajali na bima, daraja S ama N, na kama iliandikwa, iwache, hata bei ikikuita. Mwambie msee akutumie picha ya skirini betri ikiwa imejaa, inaonyesha kilomita ngapi, ulinganishe na ya gari mpya. Mwambie alale chini apige picha tumbo yote, si kona moja. Hakikisha kebo za kuchaji ziko kwa buti. Alafu inspekshen ya kabla ya meli ndio ifuate, na karatasi zake.

Na kabla utume salio ya mwisho, aitoe kwa akaunti yake ya Tesla na uione imeingia kwa yako. Asipoitoa, gari itakuwa yako kwa lojibuku na yake kwa simu: ataiona iko Umoja, na ataweza kuifungua milango akiwa amekaa Birmingham.